Kinachokaa Kati ya Mawe

Mvua kubwa ikikatika mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, hali ya nyumba husomwa kuanzia chini. Maji yanayodondoka kutoka ukingo wa paa huchimba kijifereji kuzunguka kuta, kisha kila tone hurusha tope jekundu ukutani hadi kimo cha goti. Nyumba ya matofali mabichi iliyokalishwa moja kwa moja juu ya ardhi huanza kuliwa hapo. Mwaka wa kwanza ni doa tu. Miaka michache baadaye doa limekuwa tundu la kuingiza ngumi, na mwenye nyumba anaegemeza nguzo ili kona isilale. Jirani aliyejenga kwa matofali yale yale, lakini akapanga mistari mitatu ya mawe kabla ya tofali la kwanza, hana wasiwasi huo. Mvua inapiga mawe, tofali linabaki kavu.

Siku chache za kazi ya mwashi ndizo zinazotenganisha nyumba hizo mbili. Kongo huitwa masoni, neno lililotoka kwenye Kifaransa; Tanzania na Kenya huitwa mwashi, au fundi tu. Wapita njia humwona kuwa mtu wa kubeba na kupanga mawe. Lakini jiwe halimsumbui sana, kwa kuwa limemfikia likiwa gumu tayari. Kinachomsumbua, na kinachomtofautisha fundi na kibarua, ni ile nafasi ya upana wa kidole iliyo kati ya jiwe na jiwe. Nafasi hiyo ni kiungo. Humo maji hupita au huzuiwa, mizizi hujipenyeza, ukuta hupumua au hukosa pumzi. Umri wa jengo huamuliwa humo.

Mji uliogeuka tongo

Watu wa Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare kusini mwa jimbo la Maniema, wana sababu yao wenyewe ya kulijua jambo hili. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara iliyotoka Zanzibar ilipita Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapanda hadi Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Tippu Tip, aliufanya Kasongo kuwa makao makuu ya himaya yake ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliyoongozwa na Francis Dhanis yaliuteka mji huo. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa miongoni mwao, alitoa kitabu mwaka 1897 akieleza jinsi walivyoshangazwa na ukubwa na starehe za mji walioukuta katikati ya bara.

Baadaye mji ulihamishwa. Pale pa zamani panaitwa Kasongo-Tongoni hadi leo. Tongo, kwa Kiswahili, ni mahali palipokuwa na kijiji au shamba kisha pakaachwa. Mwaka 2020 mwanaakiolojia Noemie Arazi na wenzake, Wakongo wakiwemo, walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu mabaki na kumbukumbu za Waswahili-Waarabu wa Maniema, na Kasongo-Tongoni ni moja ya sehemu walizochunguza. Anayetarajia kuona huko kuta ndefu kama za Kilwa hazioni. Walioujenga mji walileta mtindo wa pwani, nyumba za pembe nne, lakini walijenga kwa kilichokuwepo, yaani udongo. Ukuta wa udongo huishi maadamu kuna mkono wa kuukandika upya kila mwaka. Mkono ukiondoka, ukuta hurudi ardhini.

Mtu yule yule aliyeutawala mji wa udongo alikuwa na nyumba nyingine. Ile bado imesimama.

Nyumba ya Shangani

Tippu Tip alifariki Zanzibar tarehe 14 Juni 1905. Nyumba yake iko Shangani, katika Mji Mkongwe, na mlango wake wa kuchonga bado huwasimamisha wapita njia. Haifai kuitaja bila kutaja gharama yake. Sehemu ya utajiri uliojenga mitaa ya mawe ya Zanzibar ilibebwa mabegani mwa watu wa Maniema, na wengi wao walifika pwani wakiwa wametekwa. Wamanyema waliobaki Ujiji, Zanzibar na Dar es Salaam ni watu wa historia hiyo.

Ukuta wa nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu mahali palipokuwa bahari zamani. Ni mawe yasiyo na umbo: yana matundu, yana ncha, hakuna mawili yanayofanana. Fundi aliyapanga kwa unene wa nusu mita au zaidi, akiyashika kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Juu yake alilaza boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu sana, vyumba vya nyumba hizo vilikuwa vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3. Juu ya boriti yakapangwa mawe, kisha chokaa na kokoto, na hapo likaja kundi la watu wenye vipande vya miti kupiga sakafu kwa siku kadhaa mfululizo, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka tabaka lile likashikana kuwa kitu kimoja.

Chokaa yenyewe ilitoka kwenye tanuu. Magogo hupangwa kwa duara, mawe ya matumbawe hurundikwa juu, moto huwashwa. Jiwe likifikia joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake hutoka, na kinachobaki ni chokaa hai, nyeupe na nyepesi, inayochoma ngozi. Hiyo humwagiwa maji. Huchemka, hutoa mvuke, kisha hutulia ikiwa laini. Mafundi wenye subira huiacha shimoni kwa wiki au miezi kabla ya kuitumia, kwa maana chokaa iliyolala muda mrefu hushika vizuri zaidi. Ikishapakwa kati ya mawe, polepole huinywa tena hewa ile ya kaboni iliyoipoteza motoni, na hatimaye hurudi kuwa aina ya jiwe. Jiwe lililoungua huungana na jiwe ambalo halikuungua, na yote mawili ni madini yale yale.

Kukalisha jiwe

Kabla ya kiungo kuna jiwe, na kuna namna ya kulikalisha. Darasa zuri la jambo hili liko magharibi mwa Kenya, katika Kaunti ya Migori, mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Ni boma la mawe linalokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, na liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake hazina hata konzi moja ya kitu cha kugandisha. Waliozijenga walipanga uso wa nje na uso wa ndani, wakajaza katikati mawe madogo yaliyobanana, na pale palipotaka nguvu zaidi wakaongeza mawe ya kuegemeza. Ukuta wa namna hiyo hauna pa kufichia kosa. Jiwe likikaa vibaya, uzito wa yaliyo juu hulisukuma nje.

Mwashi wa leo hufuata sheria zile zile hata kama ana mfuko wa saruji pembeni. Kwanza, jiwe hulazwa. Upande mpana huelekezwa chini, na likiwa na matabaka, matabaka yake hulala kama kurasa za kitabu kilichowekwa mezani. Likisimamishwa kwa ukingo, maji huingia kati ya kurasa hizo na uso wake hubanduka kipande kwa kipande. Pili, kiungo cha wima hakikai juu ya kiungo cha wima. Kila jiwe hulalia mawili ya chini yake, ili ufa usipate njia iliyonyooka ya kupandia. Tatu, ukuta wenye nyuso mbili hufungwa kwa mawe marefu yanayopita kutoka uso mmoja hadi wa pili, angalau moja kwa kila mita ya mraba. Ukuta usio na mawe hayo huonekana mzima kwa miaka, kisha tumbo lake hufura, na siku moja uso wa nje hudondoka wote kwa pamoja. Nne, mawe makubwa kuliko yote hukaa msingini na kwenye kona.

Vifaa ni vichache. Nyundo na tindo vya kuchongea, mwiko, uzi wa kunyoosha mstari, na timazi, yaani kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi na kuonyesha wima bila kukosea. Asiye na pimamaji huchukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji, akaupeleka kutoka kona hadi kona. Usawa wa maji katika ncha mbili ndio usawa wa nyumba. Msingi wa nyumba nzima unaweza kupimwa hivyo na watu wawili asubuhi moja.

Kitu kingine hakionekani baada ya kazi kuisha, ila hukumu yake huonekana. Jiwe kavu lililochomwa na jua hunywa maji ya mota inayoliunganisha na mengine mara tu linapolazwa, na mota iliyonyang'anywa maji hubaki unga. Ndiyo maana fundi mzuri huyanyunyizia mawe yake maji kabla ya kuyagusa kwa mwiko.

Mchanga, chokaa, saruji

Mota ni mchanganyiko wa mchanga na kitu cha kuushikisha, saruji au chokaa. Kwa ukuta wa mawe, kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya saruji kwa sehemu tatu au nne za mchanga, na kwa chokaa sehemu moja kwa tatu. Kipimo hupimwa kwa ndoo au sanduku lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu koleo moja ya mchanga mbichi si sawa na koleo moja ya mchanga mkavu. Wengi hudhani kwamba saruji ikizidi ukuta utakuwa imara zaidi. Saruji ikizidi, mota husinyaa inapokauka na kupasuka nyufa nyembamba kama nywele, na nyufa hizo ndizo maji yanazozitafuta.

Mchanga nao una tabia. Ule wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo zenye kingo, hushikana. Ule wenye tope hujifanya laini mkononi kisha humsaliti fundi. Kuupima hakuhitaji maabara. Chupa ya kioo hujazwa mchanga hadi nusu, hutiwa maji, hutikiswa vizuri, kisha huachwa itulie kwa saa kadhaa. Mchanga hutangulia chini, tope hukaa juu yake kama tabaka la rangi nyingine. Tabaka hilo likifika sehemu moja kwa kumi, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine. Maniema ina mito na vijito vingi, na kwa fundi wa huko chupa hiyo ni kifaa kama mwiko ulivyo kifaa.

Mota ya saruji ikishachanganywa na maji haimsubiri mtu. Inapaswa kwisha ndani ya saa mbili hivi, na kwenye jua kali mapema zaidi. Kuiongezea maji ili ilainike tena ni kuivunja nguvu ilipokuwa imeanza kushika. Kisha, baada ya kujenga, huja sehemu ambayo haraka ya kumaliza kazi huiba: kuilinda isikauke. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, huipata kwa kukaa na unyevu. Kwa siku saba ukuta mpya hufunikwa kwa magunia yaliyolowa au majani ya migomba na kumwagiwa maji asubuhi na jioni.

Kutomelea

Kiswahili cha pwani kina neno la zamani kwa kazi ya kujaza viungo: kutomea, au kutomelea. Fundi hushindilia mota ndani ya nafasi kati ya mawe, kisha hukandamiza humo vipande vidogo vya mawe mpaka uso wa ukuta ujae. Neno lenyewe linabeba ufundi. Jiwe dogo huokoa mota, huzuia kusinyaa, na hubana jiwe kubwa lisicheze. Nafasi pana iliyojazwa mota tupu ni udhaifu. Nafasi hiyo hiyo iliyotomelewa ni sehemu ya ukuta.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali haisemi uzibe kwa nini, na kwa majengo ya zamani hapo ndipo ulipo msiba. Katika miongo iliyopita, wenye nyumba wengi katika miji ya mawe ya pwani waliziba nyufa za kuta za chokaa kwa saruji, kisha wakazipaka plasta ya saruji juu hadi chini. Nia ilikuwa njema. Lakini ukuta wa matumbawe hupandisha unyevu kutoka ardhini, nao umezoea kuutoa kupitia viungo vyake laini vya chokaa. Saruji haiupi njia. Unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na nguvu yake ya kupanuka inalivunja lililo dhaifu zaidi. Kiungo kikiwa kigumu kuliko jiwe, linalovunjika ni jiwe. Baada ya miaka kadhaa plasta hubanduka ikiwa nzima, imeng'ang'ania uso wa jiwe ilioung'oa nao.

Kiungo kizuri kinapaswa kuwa laini kuliko jiwe kinaloliunganisha. Kazi yake ni kuumia badala ya jiwe, na kila baada ya miongo kadhaa kuondolewa na kutiwa kingine. Jiwe lenyewe halina badala.

Zanzibar inalijua hili kwa uchungu. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 kwa ajili ya Sultani Barghash, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili walipoteza maisha. Jumba kubwa haliangushwi na jambo moja. Lakini kila anayepita Forodhani tangu siku ile anajua kwamba ukuta wa miaka 140 si kitu cha kuwekwa mikononi mwa yeyote aliyewahi kushika mwiko.

Kurudishia viungo vya ukuta mkuukuu kuna mpangilio wake. Mota iliyooza hukwanguliwa kwa tindo nyembamba, taratibu, hadi kina cha mara mbili ya upana wa kiungo, na kwa kawaida si chini ya sentimita 2. Anayekwangua kina cha ukucha na kupaka juu juu amepaka rangi, hajatengeneza. Vumbi hupigwa brashi. Kiungo hunyunyiziwa maji mpaka kisinywe tena haraka, lakini yasituame. Mota, ngumu kidogo kama unga wa ugali unaoanza kushikana, husukumwa ndani kwa mwiko mwembamba, tabaka juu ya tabaka ikiwa kina ni kirefu. Halafu fundi hungoja. Akibonyeza kwa kidole gumba na alama ikabaki bila mota kushika ngozi, wakati umefika wa kusawazisha na kupiga brashi. Chokaa hukingwa jua na upepo kwa wiki kadhaa.

Umbo la mwisho la kiungo lina maana pia. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki kuna mtindo wa kuacha ukanda wa saruji umetokeza nje ya mawe, kisha kuupaka rangi nyeusi au nyeupe ili kila jiwe lionekane limezungushiwa fremu. Unapendeza machoni. Ila ukanda uliotokeza ni rafu ndogo, na maji ya mvua hutua juu yake. Kiungo kilicholingana na uso wa jiwe, au kilichoingia ndani kidogo na kuinamia nje, huyaachia maji yaende zake.

Mawe chini ya miguu

Jiwe linalokanyagwa lina adui mwingine zaidi ya maji: gurudumu. Mitaa ya Bujumbura na Kigali iliyotandazwa mawe, na barabara za mawe zinazopanda vilima vya Mwanza, zinaonyesha kwamba inawezekana kumshinda adui huyo bila lami. Kwenye mteremko, ambako mvua huibomoa barabara ya udongo kwa msimu mmoja, jiwe hushikilia.

Siri ya barabara ya mawe iko chini yake. Udongo laini huondolewa, ardhi hushindiliwa, huwekwa tabaka la changarawe, nayo hushindiliwa. Maniema haikosi changarawe nyekundu ya kufaa kwa tabaka hilo. Juu yake hutandazwa mchanga wa sentimita 3 hadi 5, na hapo jiwe hupandwa. Neno kupanda linafaa, maana tofauti na jiwe la ukutani, jiwe la barabarani husimamishwa. Urefu wake huenda chini kama jino kwenye fizi, na uso mdogo uliobaki juu ndio unaokanyagwa. Jiwe lililolazwa bapa litabinuka gari likikanyaga ukingo wake.

Kingo za barabara hubanwa kwa mawe makubwa yaliyozikwa. Bila kingo, mawe husukumana kwenda pembeni mwezi kwa mwezi, na viungo hufunguka. Katikati huinuliwa kidogo: kushuka kwa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita kunatosha kuyafukuza maji hadi mfereji wa pembeni. Viungo hujazwa mchanga au vumbi la mawe, hufagiliwa na kushindiliwa, kisha hujazwa tena. Palipo na mteremko mkali au maji yaendayo kasi hutiwa mota. Kila njia ina faida yake. Barabara yenye viungo vya mchanga huweza kubonyea na kurudi bila kupasuka, na bomba likipasuka chini, mawe hung'olewa, bomba likatengenezwa, mawe yakarudishwa mahali pake. Lami haitoi ruhusa hiyo.

Goma wana jiwe lao la pekee. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga uji wa moto hadi katikati ya mji, ikafunika mitaa mingi. Uji ulipopoa ukawa mwamba mweusi wenye matundu, na watu wakaanza kuuchonga. Kuta za viwanja, misingi ya nyumba, vizingiti vya milango vikatoka kwenye kitu kile kile kilichozika nyumba za kwanza. Mei 2021 mlima ulitema tena. Hivyo Goma kuna mawe yenye umri mdogo kuliko fundi anayeyachonga, jambo ambalo waashi wa miji mingi hawatalishuhudia.

Daraja lisilo na chuma

Kati ya Kasongo na Kabambare, na kila njia ya kusini mwa Maniema, safari ya msimu wa mvua hukwama mahali pale pale: kwenye kijito. Magogo ya daraja huoza, lori hulala, mchele na mawese hungoja upande wa pili. Zege lenye nondo linahitaji vitu viwili ambavyo hufika huko kwa shida na kwa bei, chuma na saruji nyingi.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, wakala wa barabara za vijijini na mijini wa Tanzania, TARURA, umejenga madaraja ya upinde wa mawe kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Ubelgiji, Enabel. Kabla ya hapo Wabelgiji na Waganda walikuwa wameifanya kazi hiyo katika Wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, wakaandika hata mwongozo wa mafundi. Gharama hushuka sana ikilinganishwa na zege, kwa sababu jiwe liko karibu, hakuna nondo, na sehemu kubwa ya fedha hubaki kijijini kama mishahara ya wavunja mawe na waashi.

Upinde husimama kwa kubanwa. Fundi hujenga kwanza kiunzi cha mbao, au hata kilima cha udongo chenye umbo la nusu duara, kati ya misingi miwili ya mawe iliyochimbiwa hadi kwenye ardhi ngumu. Mawe hupangwa juu ya kiunzi kutoka pande zote mbili kwa mwendo sawa, ncha zikielekea katikati ya duara, viungo vikiwa vyembamba na vimejaa pomoni. La mwisho hugongwa katikati juu kabisa. Kiunzi kikiondolewa, kila jiwe linataka kuanguka na kila jiwe linazuiwa na jirani yake, na uzito wote unashuka kwa mkondo wa upinde hadi msingini. Lori likipita, mawe hubanana zaidi. Hapo kiungo hakishikilii jiwe kama gundi. Kinagawa uzito ili usitue kwenye ncha moja ikavunjika.

Fundi anayejua kujenga ukuta wa mawe ana robo tatu ya elimu ya daraja hilo. Kinachobaki ni kiunzi, kipimo cha upinde na msimamizi anayejua kuusoma mto. Mawe yapo, vijana wenye nguvu wapo, na upande wa pili wa ziwa kuna watu waliokwisha kuifanya kazi hiyo wakizungumza Kiswahili.

Mita moja kuzunguka nyumba

Mwenye nyumba wa Kasongo asiyeweza kungoja daraja wala mradi anaweza kuanza na mita moja. Huchimba kina cha kiganja kuzunguka kuta zote, hushindilia changarawe nyekundu, hupanda mawe yaliyobanana, na kuyaachia mwinamo wa sentimita 3 kutoka ukutani kwenda nje, hadi kwenye kijifereji kinachoyapeleka maji mbali. Viungo vilivyo karibu na ukuta hutiwa mota na kutomelewa vipande vya mawe. Vya nje hujazwa mchanga. Msingi ukiwa na nafasi zilizochimbika, hukwanguliwa, hulowanishwa na kujazwa siku hiyo hiyo. Mfuko mmoja wa saruji ukipimwa vizuri hufika mbali katika kazi kama hiyo, na pasipo na saruji, mawe yaliyobanana juu ya changarawe iliyoshindiliwa bado huifanya kazi yake kubwa.

Kwa siku saba magunia hulowanishwa asubuhi na jioni, na watoto huambiwa wasikanyage. Kisha mvua ya kwanza inapokuja, maji hudondoka kutoka ukingo wa bati, hugonga mawe, hutawanyika na kuteleza kuelekea mferejini. Ukuta, kwenye kimo kile cha goti, unabaki na rangi yake.